Lenzi ya kawaida au ya bei juu? Ulinganisho kwa anayeogopa ukungu baada ya kutolewa mtoto wa jicho

Swali linaloletwa dukani kwetu Moshi mjini mara kwa mara ni hili: "Nimeambiwa nikatolewe mtoto wa jicho. Kuna lenzi ya kawaida na kuna ya bei juu. Nikilipia ile ya juu, si jicho halitaingia ukungu tena?" Sisi tunapima macho na kutengeneza miwani, upasuaji si kazi yetu. Lakini swali linatufikia kwa sababu kwa daktari foleni ni ndefu, na watu wazima wengi huona soni kuuliza habari za bei mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe. Wengine huja wakiwa wameshapasuliwa. Waliona vizuri mwaka mmodi, miwili, mitatu, na sasa wanalalamika kwamba miwani imechoka.

Kwa wote jibu langu ni moja: bei ya lenzi si mahali pa kuanzia. Ningepewa nafasi ya kuuliza maswali mawili tu kabla ya kupasuliwa, ningeuliza ukingo wa lenzi ukoje, na mashine ya leza, ile inayotibu ukungu ukija, iko wapi. Bei ingefuata baadaye.

Ukungu wenyewe unatoka wapi

Lenzi ya asili imekaa ndani ya kifuko chembamba. Daktari anapotoa mtoto wa jicho hufungua ukuta wa mbele wa kifuko hicho, anatoa kilichochafuka ndani, anauacha ukuta wa nyuma, kisha anaweka lenzi ya bandia humohumo. Ukuta huo wa nyuma una unene wa mikroni 4 hivi katikati (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa kichwani ni mnene zaidi yake kwa mara 10 na zaidi. Unaachwa kwa makusudi, maana ndio unaoishikilia lenzi mpya na kuuzuia ute wa nyuma ya jicho usije mbele.

Kasoro ni kwamba pembezoni mwa kifuko hubaki seli hai, na hata daktari hodari hawezi kuziondoa zote. Seli hizo huendelea kuzaana na kutambaa kuelekea katikati, juu ya ukuta wa nyuma. Nyingine huvimba na kujikusanya kama mayai ya samaki, nyingine hugeuka nyuzi za kovu na kuukunja ukuta. Zikifika kwenye njia ya mwanga, mgonjwa huanza kusema taa za gari zinatawanyika usiku, au sura za watu kanisani zimefifia. Hakuna maumivu wala wekundu. Wala si mtoto wa jicho aliyerudi: akishatolewa ametolewa.

Ni tatizo la kawaida. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa 1998 yalionyesha kwamba katika kila macho 100 yaliyopasuliwa, karibu 12 yalikuwa na ukungu huu baada ya mwaka 1, karibu 21 baada ya miaka 3, na karibu 28 baada ya miaka 5. Hizo zilikuwa enzi za lenzi nyingi za zamani. Lenzi za sasa zimepunguza idadi hiyo, ila hakuna iliyoimaliza. Muuzaji anayekuambia lenzi yake "haishiki ukungu kabisa" anauza maneno.

Kwanza hakikisha ni huu ukungu

Hapa nitapita haraka, lakini usiruke. Ukungu wa kifuko huja polepole, kwa miezi au miaka. Jicho likiingia giza ndani ya siku chache au wiki chache baada ya upasuaji, likiwa jekundu, linauma, au linachomwa na mwanga, huenda ni maambukizi ndani ya jicho. Hiyo ni dharura ya saa, si ya wiki. Ukiona pazia jeusi linashuka upande mmoja, au vimulimuli na vidoa vingi vya ghafla, fikiria retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ukungu wa katikati unaotokea wiki chache baada ya upasuaji, hasa kwa mwenye kisukari, unaweza kuwa uvimbe wa katikati ya retina, na leza ya kifuko haiusaidii hata kidogo.

Dukani tunaanza na jambo rahisi. Bibi mmoja wa Kibosho alikaa kwenye kiti, baada ya shikamoo na marahaba akaiweka miwani yake juu ya kaunta: "Mwanangu, hii imekufa, nitengenezee nyingine." Kwenye ubao wa herufi E aliishia 6/36, yaani alichokiona akiwa mita 6, jicho zima hukiona likiwa mita 36. Nikamwekea kikinga chenye vitundu vidogo. Kama shida ni namba ya miwani, kuchungulia kwenye kitundu huongeza mistari papo hapo. Yeye alibaki palepale 6/36. Nikammulika kwa kipimio cha mwanga: ule wekundu unaorudi kutoka nyuma ya jicho ulikuwa na punje punje katikati. Hapo kumuuzia miwani ingekuwa kumwibia. Nilimwandikia barua ya kwenda kliniki ya macho, akanuna kidogo, akaenda.

Jicho la nani? Hili ndilo linaloamua zaidi

Weka watu wawili kando kwa kando: mwalimu wa miaka 45 kutoka Ngaramtoni na mzee wa miaka 78 kutoka Marangu. Wote wana mtoto wa jicho, wote watawekewa lenzi. Mwalimu ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi, na watu hushangaa kusikia hivyo. Seli za kijana zina nguvu ya kuzaana kuliko za mzee. Tena mwalimu ana miaka mingi mbele yake ambayo ukungu unaweza kujitokeza, na kazi yake ya kusahihisha madaftari haivumilii hata ukungu mdogo. Mzee wa Marangu anaweza kuishi na ukungu hafifu asijue kama upo.

Kwa hiyo kama familia ina fedha ya kulipia lenzi nzuri kwa mtu mmoja, mimi ningempa mwenye umri mdogo. Najua kwetu heshima humwelekea mzazi kwanza, na sisemi asipewe. Nasema tu fedha hiyo itafanya kazi kubwa zaidi kwa nani.

Mtoto mdogo ni habari nyingine kabisa. Kwa mtoto ambaye ukuta wa nyuma umeachwa mzima, ukungu karibu ni lazima uje, na huja upesi. Ndiyo maana madaktari wa macho ya watoto hufungua tundu kwenye ukuta huo palepale kwenye meza ya upasuaji, na kuondoa sehemu ya mbele ya ule ute wa nyuma ya jicho ili seli zisipate pa kutambalia. Mtoto wa miaka miwili hawezi kukaa kwenye mashine ya leza na kuweka kidevu akatulia. Kibaya zaidi, jicho la mtoto lililofunikwa na ukungu huwa vivu: ubongo huacha kujifunza kulitumia, na hata ukungu ukiondolewa baadaye uwezo wote haurudi. Mzazi mwenye mtoto ambaye mboni yake inaonekana nyeupe asihangaike kulinganisha aina za lenzi. Aende mahali penye daktari wa macho ya watoto na dawa ya usingizi kwa watoto. Kwa mikoa yetu miwili, Kilimanjaro na Arusha, maana yake ni kuomba rufaa ya KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, mapema, si kungoja mtoto "akue kidogo".

Wengine walio kwenye hatari ya juu ni hawa. Mtu aliyewahi kuwa na uvimbe wa ndani ya jicho, yaani uveitisi, jicho linalowaka na kutulia na kuwaka tena: kwake upasuaji unapaswa kungoja jicho litulie, kwa kawaida miezi kadhaa, na hata hivyo kovu huja kirahisi. Aliyepigwa jichoni, iwe kwa fimbo, jiwe au kipande cha chuma gereji. Mwenye miwani ya namba kubwa za minus, yaani asiyeona mbali, tangu ujana. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa retina unaoanza na upofu wa usiku. Mgonjwa wa kisukari naye huulizwa sana. Tafiti hazikubaliani kama kisukari chenyewe kinaongeza ukungu wa kifuko, nyingine zinasema ndiyo na nyingine hapana. Ila kwake ukungu hata mdogo una gharama ya ziada, kwa sababu daktari lazima aione retina vizuri kila anapompima, na akihitaji leza ya retina, mwanga lazima upite.

Moshi wa kuni, vumbi la Longido, jua la shambani, kulia msibani: hivi vinawasha jicho, vinaweza kuleta wekundu, lakini havifanyi ukungu wa kifuko. Nimewahi kumsikia mama mmoja akilaumiwa na wifi zake kwamba alirudi jikoni mapema ndiyo maana haoni. Alilaumiwa bure. Matone ya baada ya upasuaji nayo yatumie yote kama ulivyoandikiwa, maana yanatuliza uvimbe na kuzuia maambukizi, ila usitegemee yazuie seli zisizaane.

Lenzi kwa lenzi

Lenzi ya kwanza ya bandia iliwekwa na Harold Ridley mwaka 1949 katika hospitali ya St Thomas', London. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya kioo cha ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani havikuleta vurugu jichoni. Plastiki hiyo, PMMA, bado iko sokoni na bado ni lenzi ya maana. Zilizokuja baadaye zinakunjika, hivyo hupita kwenye tundu dogo zaidi.

| Lenzi | Inakunjika? | Kwa ukungu wa kifuko | Angalia hili |
|---|---|---|---|
| PMMA, ukingo wa mviringo | Hapana | Ndiyo inayoshika zaidi kati ya hizi | Iulizie, kisha iepuke ukiweza |
| PMMA, ukingo wa pembe kali | Hapana | Bora waziwazi kuliko ya mviringo | Inahitaji mlango wa milimita 6 hivi |
| Akriliki ya haidrofiliki (inayoshika maji) | Ndiyo | Huelekea kushika ukungu kuliko haidrofobiki | Mara chache lenzi yenyewe hushika chokaa |
| Akriliki ya haidrofobiki (isiyoshika maji) | Ndiyo | Miongoni mwa zinazofanya vizuri zaidi | Bei. Vipovu vidogo ndani ya lenzi, kwa kawaida havisumbui |

Silikoni sijaiweka kwa sababu huku huoni mtu akipewa achague.

Sasa soma jedwali hilo kwa kulinganisha mstari wa kwanza na wa pili, yaani PMMA mbili. Plastiki ni ileile, nchi inaweza kuwa ileile, tofauti ya bei ni ndogo. Kilichobadilika ni ukingo wa nyuma wa lenzi: badala ya kuviringwa, umekatwa kwa pembe. Pembe hiyo huukandamiza ukuta wa nyuma na kuukunja kidogo, na seli zinazotambaa kutoka pembezoni hukwama hapo. Mapitio ya 2010 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyolinganisha majaribio mengi ya lenzi yalifikia hapohapo: tofauti kati ya ukingo wa mviringo na wa pembe kali ilikuwa kubwa na ya wazi, kuliko tofauti ya aina za plastiki. Ndiyo maana swali langu la kwanza ni ukingo. Lenzi ya bei nafuu yenye pembe kali ni ununuzi mzuri. Lenzi inayokunjika ambayo hakuna anayeweza kukuambia ukingo wake ukoje, mimi ningeitilia shaka hata kama boksi lake linang'aa.

Haidrofobiki ina faida nyingine: hunata kwenye kifuko, hivyo nafasi ya seli kupenya inazidi kubanwa. Kwa mwalimu wetu wa miaka 45, au mtu mwenye historia ya uveitisi, hapo ndipo ningesema kopa, changisha, uza mbuzi, ulipie. Kwa mzee wa miaka 78 anayekaa umbali wa daladala moja kutoka mahali penye leza, PMMA ya pembe kali inatosha, na fedha inayobaki ilipie jicho la pili.

Haidrofiliki iko katikati, na kosa lake si baya kiasi cha kuikataa. Lakini lijue hili: ikishika chokaa, ukungu uko ndani ya lenzi yenyewe wala si kwenye kifuko. Leza haiuondoi, na kufyatua leza kwa kubahatisha hutoboa ukuta wa nyuma na kuifanya kazi ya kubadilisha lenzi iwe ngumu zaidi. Daktari makini hutofautisha viwili hivyo kwenye mashine ya kuchunguzia kabla ya kugusa kitufe.

Kuna mtego mwingine kwenye neno "bei juu". Mara nyingi bei inapanda kwa sababu lenzi ni ya kuonea mbali na karibu kwa pamoja, au ya kurekebisha astigmati (jicho lisilo na mviringo sawa pande zote), si kwa sababu inazuia ukungu. Tena wenye lenzi za mbali na karibu husumbuliwa na ukungu mdogo mapema kuliko wengine, kwa sababu mwanga wao umeshagawanywa. Ukiambiwa bei, uliza: ninalipia nini hasa?

Na omba stika. Kila lenzi huja na vibandiko vidogo ndani ya boksi. Kimoja hubandikwa kwenye faili la hospitali, kingine kinaweza kubandikwa kwenye kadi yako. Kuna jina la modeli, nguvu kama +21.5, kipenyo cha kioo, mara nyingi 6.0 mm, na urefu wote pamoja na mikono yake, tuseme 13.0 mm. Karatasi hiyo ndogo ndiyo itakayomwambia daktari mwingine, mwaka mwingine, mji mwingine, una nini jichoni. Wengi huitupa pamoja na boksi. Iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Fako au upasuaji wa mkono?

Huku kwetu mtoto wa jicho hutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni fako: tundu la milimita 2 hadi 3, na sindano inayotetemeka kwa mawimbi ya sauti ya juu inasaga mtoto wa jicho na kumnyonya. Ilibuniwa na Charles Kelman wa Marekani mwaka 1967. Ya pili ni upasuaji wa mkono wa mlango mdogo, SICS: mlango wa milimita 6 au 7 unaojifunga wenyewe bila uzi, na mtoto wa jicho anatolewa mzima. Haina mashine ghali, na kwa mtoto wa jicho aliyekomaa akawa mgumu wa kahawia au mweupe pe, kama wengi wanaoteremka kutoka vijijini walivyo, ni njia nzuri sana.

Mwaka 2007 lilichapishwa jaribio la Nepal lililoziweka njia hizo mbili bega kwa bega, Sanduk Ruit akifanya ya mkono na David Chang akifanya fako, wote mabingwa wa njia zao. Baada ya miezi 6, katika kila njia wagonjwa 98 kwa 100 waliona 6/18 au zaidi wakiwa na miwani inayofaa. Ya mkono ilikuwa ya haraka na nafuu zaidi. Lakini ukungu wa kifuko ulionekana zaidi upande wa mkono.

Kwa nini? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye namna ukuta wa mbele ulivyofunguliwa. Ukifunguliwa kwa duara safi la milimita 5 hivi, na lenzi ni ya milimita 6, ukingo wa duara unaikalia lenzi pande zote na kuisukuma nyuma, pembe kali inabana vizuri. Kwenye upasuaji wa mkono mtoto wa jicho mkubwa lazima apite, hivyo tundu huwa pana zaidi au hukatwa kwa mtindo mwingine, na upande mmoja lenzi inaweza kubaki wazi. Hapo lango la seli limeachwa. Ukichanganya na PMMA ya ukingo wa mviringo, umeongeza tundu juu ya tundu.

Mambo mengine yako mikononi mwa daktari na huwezi kuyachagua: kuosha mabaki ya ganda la lenzi kwa maji yanayopitishwa chini ya kifuko, kusafisha pembezoni kwa uvumilivu, na kuiweka lenzi ndani ya kifuko kweli, si mbele yake. Kifuko kikipasuka wakati wa upasuaji, lenzi huwekwa juu yake, na hapo kinga ya pembe kali haifanyi kazi ilivyokusudiwa. Unachoweza kufanya ni kuuliza baada ya upasuaji: "Daktari, lenzi imekaa ndani ya kifuko?" Swali hilo halimkasirishi daktari mzuri.

Kwa hiyo usikimbie SICS ukidhani ni ya maskini. Mtoto wa jicho mgumu katika mikono iliyozoea SICS ni salama kuliko fako ya daktari anayejifunza. Chagua mkono kwanza, mashine baadaye.

Kambi ya macho au hospitali?

Kambi ikija Same, Karatu au Monduli, watu hupasuliwa kwa bei ndogo au bure, karibu na nyumbani, na wengi wao wasingepasuliwa kamwe vinginevyo. Mtu aliyekuwa anahesabu vidole kwa taabu anaenda mwenyewe sokoni. Siwezi kumshauri asiende. Tofauti na hospitali inakuja mwaka wa pili au wa tatu, ukungu unapoanza na kambi imeshaondoka na vifaa vyake. Mashine ya leza hukaa kwenye hospitali kubwa za Moshi na Arusha mjini, haitembei na kambi. Mtu wa Rombo au Usa River atafika kwa nauli ya kawaida. Mtu wa Loliondo ana safari ya kutwa nzima, kulala mjini na mtu wa kumsindikiza. Huyu wa mbali, hata akiwa mzee, ndiye ambaye lenzi inayopunguza ukungu ina thamani kubwa kwake kuliko mtu wa mjini. Akipasuliwa kambini, aulize palepale: nikiona ukungu niende wapi, na ni nani atanipa rufaa? Kisha aandikiwe kwenye karatasi.

Mwenye bima aulize dirishani mambo mawili tofauti: lenzi ipi inalipiwa, na kama leza ya baadaye inalipiwa. Moja kuwemo haimaanishi la pili limo. Na kabla ya kupanda gari piga simu uulize kama mashine inafanya kazi wiki hiyo. Leza ikiharibika, fundi wake hatoki mtaani kwenu.

Leza sasa, au usubiri?

Ukungu wa kifuko unapotibiwa hakuna kisu. Leza ya YAG hufungua tundu katikati ya ukuta wa nyuma, milimita 3 au 4, na mwanga unapita. Unawekewa matone ya kupanua mboni, mara nyingi na ya kushusha presha ya jicho. Unakaa kwenye mashine, kidevu na paji la uso vikiwa vimetulia, daktari anaweka kioo maalumu juu ya jicho lililotiwa ganzi. Unaona taa nyekundu za kulengea. Kisha tik, tik, tik. Hakuna maumivu, ingawa wengine hushtuka kwa mlio wa kwanza. Dakika chache limekwisha, na unakaa kwenye benchi ungoje presha ya jicho ipimwe tena, kwa sababu hupanda kwa baadhi ya watu saa za mwanzo. Mwenye glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho, asikubali kuruka kipimo hicho.

Kusubiri ni uamuzi halali pia. Ukungu upo lakini unasoma, unashona, unatofautisha noti: hakuna haraka. Ukungu hauharibu jicho kwa kukaa, kwa mtu mzima. Wengi wa madaktari hupenda kuacha angalau miezi 3 ipite tangu upasuaji. Jicho lenye uveitisi inayowaka halifyatuliwi leza hadi litulie. Mwenye minus kubwa apimwe retina pembezoni kwanza, kwa kuwa hatari ya retina kubanduka ni kubwa kwake kuliko kwa wengine. Na asiyeipenda lenzi yake tangu siku ya kwanza, asiwahi leza: ukuta wa nyuma ukishafunguliwa, kubadilisha lenzi huwa kazi ngumu.

Upande wa kwenda sasa: ukiwa unaendesha gari au bodaboda na taa za wanaokuja zinakupofusha, ukiwa na kisukari na daktari hawezi kuona retina yako, ukiwa umeanza kushika ukuta ngazini. Kwa watu hawa kungoja kunagharimu kuliko leza.

Tundu likishafunguliwa, kwa mtu mzima kwa kawaida linabaki wazi na kazi haihitaji kurudiwa. Vidoa vinavyoelea siku za mwanzo ni vipande vya ukuta, hupungua. Ila vikiongezeka ghafla, ukaona vimulimuli kama radi pembeni au pazia linaingia, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Rudi siku hiyohiyo, na waambie mlangoni kwamba ulipigwa leza.